Jua likiwa mbele yako: kumpiga picha mnyama wa porini dhidi ya mwanga

Dereva wa safari akimwona simba, jambo la kwanza analofanya ni kuzungusha gari mpaka jua liwe mgongoni mwa wageni. Ni desturi nzuri na hutoa picha safi: rangi zote zipo, macho yanang'aa, na picha inafanana na ya kila gari lililosimama hapo. Gari likihamia upande wa pili, jua likawa mbele yako na mnyama katikati, mambo hubadilika. Manyoya ya shingo yanawaka kingoni, vumbi linageuka dhahabu, masikio ya swala yanapitisha mwanga mpaka mishipa inaonekana. Kwetu sisi hizi ndizo picha nzuri kuliko zote zinazopatikana porini. Ndizo pia zinazoharibika kirahisi, kwa sababu kamera ikiachiwa iamue yenyewe hukosea karibu kila mara.

La kushika ni hili: katika picha ya namna hii, kinachoamua ni kile kilicho nyuma ya mnyama. Tazama nyuma kwanza, ndipo uguse kamera.

Nyuma pana nini?

Nyuma pakiwa na anga angavu, picha unayoweza kuipata ni ya kivuli: mnyama mweusi tii, umbo tupu juu ya rangi ya mawio au machweo. Hapa wanafaa wanyama wanaojulikana kwa umbo peke yake, kama twiga, tembo mwenye pembe ndefu, kifaru akiwa ubavu, mbuni, au swala pala dume. Simba aliyejilaza hafai, maana akigeuka mweusi anakuwa rundo lisilosomeka. Msubiri asimame, ageuze kichwa upande, na miguu yote minne ionekane mmoja mmoja.

Nyuma pakiwa na giza, yaani kichaka kilicho kivulini, kilima, ukingo wa mto au ukuta wa kreta, hapo ndipo unapopata uzi wa mwanga: mwili umefifia na mstari wa dhahabu unauzunguka. Picha hii inataka wanyama wenye nywele. Simba dume ni wa kwanza, lakini wapo wengine ambao wageni wengi huwapita bila kuwatazama: kuro, ambaye manyoya yake ni marefu na ya kusimama; nyani; fisi; mbweha; mtoto wa duma mwenye singa za kijivu mgongoni; na ndama wa tembo, ambaye kichwa chake kimejaa vinywele visivyoonekana kabisa mwanga ukiwa wa mbele. Kiboko na kifaru hutoa mstari mwembamba tu, isipokuwa ngozi ikiwa imelowa.

Nyuma pakiwa na nyasi kavu zinazong'aa au vumbi lililojaa mwanga, picha ya tatu inawezekana. Humo mnyama anabaki na undani wake, uso unaonekana, na fremu nzima imejaa mwanga laini. Duma katika nyasi za Julai ndiye mfano wake bora.

Picha nyingi hufeli kwa kuchanganya hizi: kichwa cha twiga kimekaa angani na mwili wake umeangukia kwenye kichaka cheusi, basi mwili unapotea na kichwa kinabaki kikielea. Sogeza gari mita tano au kumi, au msubiri twiga asogee. Kama haiwezekani, piga kichwa na shingo peke yake.

Muda ni mfupi kuliko unavyodhani

Karibu na ikweta jua hupanda karibu wima, nyuzi moja kwa kila dakika nne hivi. Dakika 20 baada ya kuchomoza liko nyuzi 5 juu ya upeo wa macho. Baada ya saa moja liko nyuzi 15, na kuanzia hapo mwanga unamwangukia mnyama mgongoni badala ya kumzunguka. Kwa hiyo muda wako ni dakika 60 za kwanza asubuhi na dakika 60 za mwisho jioni, na dakika 30 zilizo karibu na upeo ndizo zenye thamani kubwa.

Katikati ya Serengeti jua huchomoza kati ya saa 12:20 na saa 12:50 asubuhi kutegemea mwezi: mapema zaidi mwanzoni mwa Novemba, kwa kuchelewa zaidi mwezi wa pili. Jioni huzama kati ya saa 12:30 na saa 1. Ukilala nje ya hifadhi, foleni ya getini inaweza kuumaliza muda wote wa asubuhi, kwa hiyo kambi iliyo ndani ni sehemu ya vifaa vya picha hizi. Uliza pia muda wa mwisho wa kuwa barabarani jioni, umwachie dereva nafasi ya kurudi bila kukimbizana na saa.

Kreta ya Ngorongoro ina hesabu yake. Magari yanatakiwa kuwa yameondoka chini ya kreta kufikia saa 12 jioni, hivyo machweo hayapo; kazi yote ni ya asubuhi. Ukuta wa kreta una urefu wa takriban mita 600. Ukiwa kilomita 2 kutoka ukuta wa mashariki, jua litakufikia zaidi ya saa moja baada ya mawio, likiwa limeshapanda sana. Ukiwa kilomita 5, litakufikia ndani ya nusu saa hivi, likiwa bado nyuzi 7 tu. Mwambie dereva mwelekee katikati ya kreta au magharibi yake kwanza. Faida ya pale ni kwamba ukitazama mashariki, ukuta mzima uko kwenye kivuli chake wenyewe, wa buluu iliyokolea: pazia la giza lililo tayari kwa uzi wa mwanga.

Amboseli ina mtego wake. Mlima Kilimanjaro uko kusini mwa hifadhi, kwa hiyo jua halichomozi wala halizami nyuma yake. Kwa lenzi ndefu hutapata fremu moja yenye mlima na tembo aliye mbele ya jua. Amua mapema: asubuhi ya mlima au asubuhi ya vumbi. Tembo wa pale huelekea kwenye vinamasi asubuhi na kurudi nchi kavu jioni, wakikanyaga ardhi yenye vumbi jepesi. Ile safari ya kurudi ndiyo ya kungojea.

Kuliweka gari

Ongea na dereva kabla ya kuondoka kambini, maana asipojua unachotaka atakuwekea jua mgongoni kila mara akidhani anakusaidia. Maneno machache yanatosha: “Kaka, leo tunaomba jua liwe mbele yetu na mnyama awe katikati. Tukimkuta, tuzunguke taratibu kwa barabara.” Neno barabara lisiachwe. Sehemu kubwa ya hifadhi zetu haziruhusu kutoka nje ya njia, na mnyama akiwa upande usiofaa, basi amekuwa upande usiofaa. Kamwe usimwombe dereva avunje sheria kwa ajili ya picha. Anayetozwa faini ni yeye, na anayeweza kupoteza kibali ni yeye. Kwa duma anayewinda, msiingie kati yake na windo hata kama jua limekaa vizuri kiasi gani.

Jua lenyewe liwe nje kidogo ya fremu, juu au pembeni, si ndani yake, ila kama unalitaka kwa makusudi. Likiwa nyuma kabisa ya mnyama unapata uzi pande zote mbili; likiwa pembeni kidogo unapata uzi mnene upande mmoja, na mara nyingi huo hupendeza zaidi usoni.

Kwa picha ya kivuli shusha kamera chini, ukiwa ndani ya gari. Ukipiga kutoka kwenye paa lililofunguliwa unamtazama mnyama kutoka juu, na nyuma yake unapata nyasi badala ya anga. Kaa kwenye kiti, piga kupitia dirishani, lenzi ikiwa juu ya mfuko wa kitambaa wenye kilo 2 au 3 za mchele au maharage. Tafuta mnyama aliye juu yako kidogo: kwenye kichuguu, kwenye tuta, au juu ya mawe makubwa kama yale ya Moru, Serengeti. Kwa uzi wa mwanga kupanda paani kunasaidia wakati mwingine, kwa sababu kunaondoa anga kwenye fremu na kubakiza kichaka. Injini izimwe; mtetemo wake unaharibu ukali wa picha hata kwa kasi kubwa ya shata.

Kamera

Piga kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalisindika. Faili la JPEG halina akiba ya kutosha kwenye manyoya yaliyowaka wala kwenye uso uliofifia. Mizani ya rangi usiiache ijipange yenyewe, itafuta ile dhahabu uliyoiamkia. Weka ya jua au ya mawingu, takriban 5500 hadi 6000 K (Kelvin).

Kamera hupima fremu nzima na kutaka kuifanya kijivu cha wastani. Nyuma pakiwa na giza, inaongeza mwanga: kichaka kinageuka kijivu na uzi wa dhahabu unaungua ukawa mweupe. Nyuma pakiwa na anga, inapunguza: mnyama anabaki kwenye utusitusi, si mweusi wa kivuli wala si wa kuonekana. Ndiyo maana unaisahihisha kwa kitufe chenye alama ya + na −.

Kwa uzi wa mwanga anza na −1.7. Weka tundu la lenzi f/5.6 au f/8, kasi ya shata 1/1000 ya sekunde, na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ijipange yenyewe isizidi 3200. Piga moja, kisha washa onyo la mwanga uliopitiliza, lile linalomemeta kwenye skrini. Vinywele vichache vya kingoni vikimemeta, vizuri. Sikio zima au paji la uso likimemeta, shuka hadi −2.3. Usihangaike na histogramu (grafu ya giza na mwanga wa picha) kulundikana upande wa kushoto; fremu ya giza inatakiwa iwe hivyo.

Kwa kivuli, pima anga iliyo kando ya jua, isiyolihusisha jua lenyewe, ukitumia upimaji wa doa, unaopima sehemu ndogo tu ya fremu. Funga kipimo hicho au ukihamishie kwenye M (pale unapopanga kila kitu mwenyewe), kisha punguza hadi −1 ili rangi zikolee. ISO 200 hadi 400, f/8, na kwa kawaida kasi itabaki kubwa ya kutosha mpaka jua lizame. Baada ya kuzama una dakika kama 15 za rangi, na hapo kasi inashuka haraka. Twiga aliyesimama anavumilia 1/125 ukiwa na mfuko wa mchele, lakini kundi linalotembea halivumilii.

Kwa ile picha ya tatu, ya nyasi zinazong'aa, nenda kinyume: +1 hadi +1.7. Nyuma kutakuwa kweupe karibu kupitiliza, na iwe hivyo. Ukiogopa weupe huo na kubaki kwenye sifuri, uso wa duma utakuwa na rangi ya tope, na ukiuangaza baadaye kwenye kompyuta utatoka na chenga, yaani punje punje. Tuseme wazi: ni wachache wanaothubutu kwenda +1.7, na ndiyo maana picha hizi ni adimu.

Mwanga ukibadilika polepole, njia ya M ndiyo tulivu zaidi. Kundi likitembea na kupita mbele ya anga, kisha kichaka, kisha vumbi, kipimo cha kujipanga kitarukaruka kwa kila fremu ilhali jua halijabadilika hata kidogo.

Fokasi inapokataa

Uso ulio kivulini hauna tofauti ya kutosha ya mwanga na giza, basi mfumo wa kutambua jicho unamkosa mnyama na kushika nyasi au vumbi. Rudi kwenye nukta moja. Iweke pale ambapo giza na mwanga vinakutana, kwenye ukingo wa shingo au sikio lililo umbali sawa na jicho. Lenzi ikishika, funga fokasi kwa kitufe cha nyuma na upange fremu. Lenzi nyingi ndefu zina swichi ya kuweka kikomo cha umbali. Ukiisogeza isitafute vitu vya karibu, haitahangaika na vumbi linalopita mbele. Kwenye vumbi zito f/8 inakupa nafasi kidogo ya kukosea kuliko f/4.

Weupe unaovamia picha

Picha ikitoka kama ina ukungu, au ina vidoti vya rangi vilivyopangana mstari, jua linagonga kioo cha mbele cha lenzi. Mtu aliye kando yako akitazama mbele ya lenzi atakiona kioo kimewaka. Kikinga-jua cha lenzi kiwe mahali pake kila wakati, na filta ya UV itoke, kwa sababu kioo kile bapa hurudisha mwanga ndani na kuzaa taswira ya pili ya jua. Kisha tumia gari: rudi nyuma ndani ya dirisha mpaka nguzo ya mlango au ukingo wa paa utupe kivuli juu ya kioo. Kofia iliyoshikiliwa juu ya lenzi, nje ya fremu, hufanya kazi hiyo hiyo. Usipige kupitia kioo cha dirisha hata kikiwa kimeoshwa.

Kioo cha lenzi chenyewe kisafishwe kila unapolala na kila unapoamka. Chembe ya vumbi isiyoonekana ukiwa na jua mgongoni inakuwa doa jeupe jua likiwa mbele, na alama ya kidole inageuka wingu. Puliza kwanza kwa pampu ya mkono, halafu burashi, kitambaa mwishoni. Ukianza na kitambaa unasugua mchanga juu ya kioo. Lenzi isibadilishwe gari likiwa kwenye vumbi.

Vumbi na pumzi

Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa Afrika Mashariki hutoka sana mashariki au kusini-mashariki, ni ule wa kusi. Hilo lina maana kubwa kwenye picha. Jioni unatazama magharibi, upepo uko mgongoni mwako, na vumbi la nyumbu linasukumwa nyuma yao kuelekea jua: mnyama safi, pazia la dhahabu nyuma. Asubuhi unatazama mashariki na vumbi linakuja kwako, likikaa kati ya lenzi na mnyama. Kwa hiyo vumbi lipigwe jioni. Asubuhi, upepo ukiwa bado umelala, ni ya nywele na pumzi.

Mvuke wa pumzi huonekana kwa baridi, na Ngorongoro ya Juni hadi Agosti ina baridi ya kutosha. Unahitaji vitu viwili pamoja: jua la chini nyuma ya mnyama na giza nyuma ya mvuke. Simba anayenguruma wakati wa mawio hutoa mvuke mwingi. Kaa kwenye −1.7, kasi 1/800 au zaidi, na piga mfululizo kuanzia anapoinua kichwa.

Jua zima nyuma ya mnyama

Hii inahitaji umbali. Duara la jua ni takriban nusu ya nyuzi moja angani, na ukubwa wake hauongezeki ukisogea; anayeongezeka ni mnyama. Kwa mita 100 duara hilo hufunika kama mita 1 ya kitu kilicho mbele yako. Kwa mita 300, karibu mita 3. Tembo wa mita 3 aliye mita 300 atalingana na jua zima. Twiga wa mita 5 anataka zaidi ya mita 500. Lenzi ya mm 400 kwenye sensa kubwa itachora duara la karibu mm 4 kwenye fremu yenye kimo cha mm 24. Mm 600 ndiyo inayoanza kutosha. Jua husogea upana wake mzima kwa dakika mbili, basi dereva awe tayari kuwasha injini na kusogea kidogo kidogo, na mipangilio iwe imeshakamilika.

Hapa usalama. Jua lisilofifishwa na vumbi au ukungu wa upeoni usilitazame kupitia kitafutio cha DSLR, yaani kamera yenye kioo cha kuakisi ndani. Lenzi ndefu hulikusanya ndani ya jicho na madhara hayatibiki. Tumia skrini. Kamera isiyo na kioo hicho (mirrorless) inalinda jicho, lakini sensa na mapazia ya shata vinaweza kuungua ikiachwa imelielekea jua. Ukiilaza kamera paani kusubiri, funika lenzi.

Ukiwa na simu

Simu inaweza kivuli vizuri sana. Gusa anga kwenye skrini, shikilia mpaka ijifunge, kisha buruta kidole chini mpaka mnyama awe mweusi. Zima HDR (inayochanganya fremu za mwangaza tofauti), maana kazi yake ni kuangaza vivuli unavyovitaka vibaki giza. Tumia lenzi halisi za simu, usivute kwa vidole kupita hapo. Tembo au twiga aliye karibu na barabara, mbuyu wa Tarangire pembeni, anga yote juu: hiyo ni picha kamili ya simu. Uzi wa mwanga kwa simu ni mgumu zaidi, kwa sababu programu yake hunoa kingo na kugeuza nywele kuwa mstari mnene usio wa kweli.

Kwenye kompyuta

Kivuli: shusha weusi mpaka mwili uwe mweusi kweli, acha anga. Uzi wa mwanga: shusha sehemu angavu kidogo, na vivuli viinue kwa kiasi cha kumwezesha mtazamaji kuliona jicho, basi. Ukivifungua vyote unaiondoa sababu ya kupiga dhidi ya jua, na chenga zinajitokeza kifuani mwa mnyama. Kitelezi cha kuondoa ukungu kikizidi 15 au 20 kinalila vumbi la dhahabu. Anga ya machweo ikionyesha mistari badala ya kufifia taratibu, hariri faili kwa biti 16 na uigeuze kuwa JPEG mwishoni kabisa.